Jirani wa Claudine

Kitahana, Kibondo
9 Mei 2024

Mama,

Sasa hivi Divine ametambaa mpaka jikoni, ameshika mkaa, amerudi nao na kuipiga karatasi hii kofi. Huo weusi unaouona hapo juu ni kiganja chake. Usidhani ni uchafu, ni salamu. Nilitaka kuanza karatasi nyingine, nikaona aa, acha bibi yake auone mkono.

Ni huyohuyo Divine aliyefanya niandike badala ya kukupigia. Siku ya Jumanne aliitumbukiza simu kwenye sufuria la maharage, ikachemka humo mpaka nilipokuja kuonja chumvi. Fundi wa Kibondo mjini aliifungua, akatoa harage moja zima, akaniambia, "Dada, hii sasa ni mboga." Basi. Isack, baba Divine, bado yuko Geita machimboni, amesema akirudi atakuja na nyingine. Hadi hapo tumtumie Majaliwa, yule wa Fuso ya maharage. Kila wiki anapita Kasulu, na kwako anapajua kwa sababu siku moja ulimpa maji.

Sisi huku ni meza, hatujambo. Mtoto mzima, mimi mzima, mama mkwe mzima, mbuzi mzima. Divine ana meno manne na ananing'ata nayo yote.

Ila neno moja. Nina jirani hapa, anaitwa Evaline. Wewe humjui, amehamia. Naye ana mtoto wa miezi tisa kama Divine. Huyu Evaline, mama, tangu ajifungue hana raha. Si kwamba hampendi mtoto. Anampenda mpaka anaogopa. Lakini kuna siku mtoto anacheka, na yeye anajiona kama yuko ng'ambo ya mto: kicheko anakisikia, hakimfikii. Usingizi hana, hata mtoto akilala. Anaanza kufagia anasahau anafagia nini. Mama mkwe wake, anayekaa ng'ambo ya bonde, amesema maharage yakishavunwa atamchukua mtoto akae naye mpaka mama apate nguvu. Nawe unajua, mtoto akishavuka bonde, kumrudisha ni kesi. Kwa hiyo Evaline hamwambii mtu, asije akaitwa kichaa.

Wewe uliyezaa watano, nakuuliza: hali hiyo huwa inaisha? Nijibu nimwambie.

Mwanao,
Claudine


Kasulu
17 Mei 2024

Claudine mwanangu,

Majaliwa ameileta barua ndani ya kofia yake, imenuka kichwa. Nimekibusu kile kiganja. Kumbe mkaa bado unatoka. Katekista alipobisha hodi nikamfungulia na mdomo mweusi, akaniuliza kama nimeanza kula makaa. Nikamwambia ni mjukuu. Ameondoka bila kunywa maji.

Hapa ni meza sana. Mgongo tu, kidogo. Nimekwenda zahanati mara saba kwa ajili ya huo mgongo, na mara zote saba wamenipima malaria. Malaria hakuna. Vidole vya mkono wa kushoto wamevitoboa vyote, sasa wameanza wa kulia.

Mwambie Evaline hivi. Hali hiyo ipo, haikuanza kwake. Bibi yako alikuwa akisema aliyejifungua ameacha mlango wazi, upepo wowote unaingia. Inaisha. Lakini haiishi kwa kufichwa. Aende akaseme kwa wanaojua, na asikae peke yake. Na huyo mama mkwe wake asimwogope kabla hajamsikiliza.

Mimi nami nina jirani, Philomena. Mjane. Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Tangu azikwe, mke hatoki nje ya ua. Maharage yamemkaukia shambani. Kwaya ameacha, anasema koo limekauka nalo. Anakaa kwenye kigoda cha mume, anatazama tairi moja lililobaki na pancha yake. Wakimbishia hodi anasema ni mzima. Kamuulize Evaline kama ana neno la kumwambia, maana wenye jambo moja huelewana.

Mpe Divine busu la bibi yake.

Mama yako,
Immakulata


Kitahana
31 Mei 2024

Mama,

Mpe pole Philomena. Kumbe mafundi baiskeli wa Kasulu wanakufa sana, maana baba naye alikuwa fundi baiskeli. Ila nimekulia hapo miaka kumi na minane, sijawahi kumsikia Philomena. Labda naye amehamia.

Sasa nikusimulie vituko vya zahanati yetu. Nesi wetu mpya ni kijana wa Lindi, anaitwa Saady, sisi tunamwita dokta kama wote. Mpole huyo! Kiha hajui, ukimsalimu anajibu kwa sauti ya kuuliza. Alipelekwa semina siku tatu kufundishwa namna ya kuwahudumia wagonjwa wa mawazo hukuhuku zahanati, wasingoje mpaka wafungwe kamba wapelekwe mbali. Amerudi na karatasi yenye maswali tisa. Jana, siku ya kliniki ya watoto, akasema kila mama atajibu.

Mama, wewe unatujua. Sisi mtu akikuuliza hali, hata nyumba ikiwa inaungua, unajibu ni meza kwanza, ndipo unamwomba ndoo.

Basi akaanza. "Wiki mbili hizi umekuwa na huzuni?" Ni meza. "Usingizi unapata?" Ni meza. "Umejiona huna thamani?" Ni meza, dokta, na wewe? Kulikuwa na bibi mmoja ameleta mjukuu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, kila swali ni meza, ni meza. Saady akampa kitambaa, na kwenye karatasi akaandika sifuri, afanyeje? Wanawake arobaini, sifuri arobaini. Akavua miwani akaifuta. Akasema, "Jamani, mimi nimetembea. Sijaona kata yenye furaha kama hii. Hata kwetu Lindi, bahari tunayo na korosho tunazo, lakini huzuni kidogo huwa hatukosi."

Ikafika zamu yangu. Nikasema mimi ni meza, dokta. Halafu sijui nini kilinipata, nikasikia mdomo wangu unasema, "Ila nina jirani."

Akaweka kalamu chini. Akaichukua tena. "Haya. Jirani analala?"

"Halali."

"Anakula?"

"Anakula kwa kujisukuma."

Akaniuliza yote, na yote nikajibu, maana habari za Evaline ninazijua vizuri. La tisa akalisema taratibu: huyo jirani huwa anawaza kwamba afadhali asingekuwepo? Nikamwambia hajafika huko, ila kuna siku anaona paa la nyumba hiyo kwa mbali. Saady hakuandika upesi. Akasema, "Mwambie siku akiona anaikaribia, aje hapa mbio, hata kama si siku ya kliniki. Hata kama nakula. Na asiwe peke yake siku hiyo." Nikasema nitamwambia. Nimemwambia.

Akajumlisha. Jirani yangu amepata kumi na saba. Mtihani wa darasa la saba sikufika hapo.

Akanipa kadi nimpelekee. Ameandika, "Jirani wa Claudine. Alhamisi 20 Juni, saa nne." Wakati natoka nikamsikia anamuuliza aliyenifuata, "Na wewe, mama, jirani yako anaendeleaje?" Mama! Yule mwanamke aliongea mpaka saa saba. Nimeambiwa wale arobaini wote wameitwa tena warudie mtihani.

Kamwambie Philomena njia ndiyo hiyo. Asiende na mgongo. Aende na jirani.

Mwanao,
Claudine


Kasulu
8 Juni 2024

Evaline,

Hunijui. Mimi ni Philomena, jirani wa mama yake Claudine. Macho yangu hayaoni vizuri, kwa hiyo yeye ndiye ananiandikia. Nimemwambia aandike kama nisemavyo, bila kupamba.

Ile dawa yenu ya jirani tumeijaribu. Immakulata alikwenda zahanati akasema mgongo umepona, mimi mzima, ila nina jirani hatoki nje. Daktari wa hapa si kama wa kwenu. Akasema, "Mama, jirani aje mwenyewe." Immakulata akarudi amekasirika. Kesho yake nikavaa kitenge kingine, nikajifunga kilemba mpaka kwenye nyusi, nikaenda mimi mwenyewe, Philomena. Daktari akanitazama sana. Akasema maisha yake hajaona majirani wanaofanana namna hiyo. Halafu akasema, "Karibu, mama. Kaa." Akasogeza kile kikasha cha malaria pembeni.

Nilikaa kwake karibu saa nzima. Nikamwambia habari za lile tairi. Nikamwambia kwamba mwezi mzima sikuchana nywele kwa sababu aliyekuwa akiniambia nimependeza ni mmoja tu. Sikujua kama hayo nayo ni ugonjwa wa kupelekwa zahanati. Amenipa dawa, na kazi. Kazi yenyewe ni kutembea: wiki ya kwanza mpaka langoni, ya pili mpaka kwa muuza sabuni, ya tatu mpaka kanisani. Ukiiandika hivi ni kama kazi ya mtoto. Jumatatu nilifika langoni, nikageuka nikarudi. Immakulata alinicheka. Alhamisi nikafika tena, nikashika mti wa lango, nikahesabu mpaka ishirini.

Evaline, mimi ni mzee, sikupi hotuba. Nakuuliza tu: mtoto anajua kusimama kwa kushika? Na wewe shika.

Nakutumia galoni ya mawese. Ni yako na mtoto. Claudine asiyaguse.

Philomena
(kwa mkono wa Immakulata)


Kitahana
21 Juni 2024

Mama Philomena,

Shikamoo. Mimi ni Evaline. Sijui kuandika vizuri, Claudine amekubali kuniandikia. Mawese yamefika, mazuri, mekundu kabisa. Claudine ameyaonja kidogo tu, nimemruhusu.

Ule weusi hapo pembeni usishangae. Mtoto wangu ameshika mkaa.

Jana ilikuwa Alhamisi ya kadi. Mimi nilikuwa na haya, Claudine akaenda badala yangu, akarudi akanisimulia, nami namsimulia naye anaandika. Nadhani njiani hakijapotea kitu.

Walikuwa wanawake wanane kwenye baraza la nyuma la zahanati, pale wanapoanika mashuka. Dokta Saady akauliza, "Ninyi ndio wenye kadi?" Mmoja akasema, "Hapana, dokta, nimetumwa na jirani." Wa pili naye ametumwa. Wa tatu, wa nne. Wote wanane wametumwa! Majirani wenyewe hakuna hata mmoja, wana kazi, wana haya, wana wageni. Saady akatazama mashuka muda mrefu, mabega yanamcheza. Alipogeuka uso ulikuwa umetulia. Akasema, "Hakuna shida. Sikilizeni vizuri ili mkawafikishie."

Akaanza na Careen. Careen akasema jirani yake maskini anaamka usiku anamwaga uji, anapika mwingine, anamwaga. Basi kumbe jirani wa Careen wa kweli, ukuta kwa ukuta, amekaa pale pembeni yake! Mama Aline. Akasimama. "We Careen! Jirani yako ni nani kama si mimi? Mimi namwaga uji? Mimi nalala kama gogo!" Careen akasema, "Jirani wa upande wa pili." Mama Aline akasema, "Upande wa pili ni choo cha shule!" Pakawaka. Saady akawaomba amani, akasema hapa majirani hawataulizwa wanakaa upande gani. Mama Aline akakaa. Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo kwamba hata hivyo na yeye ana jirani, na jirani huyo hasemi kweli kuhusu kulala kama gogo.

Halafu Saady akasema, "Mkifika, waambieni majirani wakibanwa na kifua wapumue hivi." Akavuta pumzi mpaka nne, akaishusha mpaka sita. Wanane wote wakapumua, ili wasije wakakosea kufikisha. "Waambieni wakitaka kulia walie, kulia si wazimu." Hapo, mama Philomena, nani alianza sijui. Walilia wote wanane kwa niaba ya majirani, mpaka mlinzi akaja kuuliza nani amekufa. Careen akamjibu, "Hakuna, tuko kazini."

Claudine amerudi mwepesi, namwona. Ameniambia nisahau kila kitu niende mwenyewe Alhamisi ijayo, lakini mimi bado nina haya. Akaende yeye.

Swali lako: mtoto anasimama kwa kushika. Anashika sketi yangu. Nimeona nikisogea anaanguka, kwa hiyo nasimama.

Hongera kwa ishirini. Ukifika kwa muuza sabuni tuambie.

Evaline
(kwa mkono wa Claudine)


Kasulu
30 Juni 2024

Claudine,

Barua ya Evaline nimemsomea Philomena. Pale kwenye choo cha shule amecheka mpaka akashika mbavu. Mara ya mwisho sikumbuki alicheka lini, na mimi nakaa naye siku zote.

Sasa kuna mambo mawili ninayajiuliza, nisaidie.

La kwanza. Nimechukua kiganja cha mtoto wa Evaline nikakiweka juu ya kiganja cha Divine cha barua ya kwanza, nikaelekeza dirishani kwenye mwanga. Kidole gumba kwa kidole gumba. Watoto wa Kitahana wana mkono mmoja, Mungu ni fundi kweli. Huyo wa Evaline ameongezeka kidogo, ananenepa.

La pili. Nimekaa nikafikiria habari ya simu. Sufuria la maharage linakaa juu ya mafiga, motoni. Mtoto anayetambaa amelifikiaje? Nimemuuliza Philomena, akasema labda si mtoto aliyeitumbukiza. Labda ni mtu mzima aliyeshika simu mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, amechoka, mawazo hayapo, akakorogea kisichokorogewa. Nikamwambia Philomena basi huyo mtu mzima angetuambia. Akasema, "Immakulata, wewe mwenyewe umeambia watu mangapi?"

Mdomo wake umekuwa mrefu tangu aanze kutoka nje.

Ndiyo, anatoka. Kwa muuza sabuni amefika, akanunua na sabuni ili asionekane amekwenda kutembea tu. Kanisani amefika Jumapili iliyopita, akakaa nyuma karibu na mlango. Walipoanza wimbo wa kutoa sadaka koo likafunguka lenyewe, sauti ikatoka kama ya jogoo mwenye mafua. Lile tairi amelipeleka kwa kijana wa stendi azibe pancha. Daktari amemuuliza kazi inayofuata anataka iwe ya wapi. Akasema atafikiria.

Nimeamua kuja kumsalimu Evaline. Si leo, mavuno yakiisha. Nataka unionyeshe nyumba yake, nimwone na mtoto wake. Nitamletea isombe, kisamvu nilichokitwanga mwenyewe. Mpe habari asije akashtuka.

Na mama mkwe wake je, bado anamtaka mtoto?

Mama yako,
Immakulata


Kitahana
12 Julai 2024

Mama,

Divine amelala. Amelala kifudifudi makalio juu, kama chura anayeomba. Naandika upesi kabla hajaamka, maana nina mengi.

Kwanza la mama mkwe, kwa sababu uliuliza, na kwa sababu tangu jana nacheka peke yangu.

Jana ilikuwa Alhamisi. Siku hizi barazani tunajaa kumi na moja, majirani wanaongezeka. Wengine wanatoka mpaka Murungu. Maharage yalikuwa yameisha shambani tangu Jumapili, na Jumatatu mama mkwe alipita kwangu akatazama kitanda cha mtoto, akatazama kitenge cha kubebea, akasema, "Wiki hii." Hilo tu. Kwa hiyo jana nilikwenda zahanati na Divine mgongoni, nimemfunga mara mbili.

Saa nne na robo, nani anaingia? Mama mkwe. Wangu. Amevaa kitenge chake cha Pasaka. Nikataka kuingia chini ya benchi. Divine, msaliti huyo, akaanza kumpungia mikono.

Saady akamwambia, "Karibu, mama. Umekuja mwenyewe au umetumwa?"

"Nimetumwa," akasema, bila kunitazama. "Na jirani. Mimi ni mzima."

"Jirani ana nini?"

Akakaa. Akajifunga kitenge upya, ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri. "Jirani alizaa watoto tisa. Wamebaki wanne, na wote wanne wako machimboni. Asubuhi anafagia ua ambao hakuna mtu aliyeuchafua. Hakuna aliyemuuliza lolote, wamemwambia tu una nguvu, bibi, una nguvu." Akamtazama Divine. "Jirani anataka mtoto wa kuuchafua huo ua. Lakini mama wa mtoto anamwogopa jirani. Anamkimbia kama mbwa."

Barazani hata mashuka yalitulia. Mimi nikamtazama Saady, sikumtazama yeye. Nikasema, "Dokta, na mimi nimetumwa. Jirani yangu Evaline anasema hakimbii mtu. Anaogopa kunyang'anywa mtoto, kwa sababu akinyang'anywa hatakuwa na cha kumfanya asimame. Lakini kama angepata mtu wa kuja asubuhi kumshika mtoto hukohuko nyumbani kwake, yeye alale kidogo, hatakataa. Angeshukuru."

Mama mkwe akamwambia Saady, "Dokta, mwambie huyo Evaline kwamba jirani yangu anaamka saa kumi na mbili."

"Nimeandika," akasema Saady.

"Na hapendi uji wa maji maji."

"Na hilo nimeandika."

Careen akasema, "Dokta, andika na kwamba mbona hawa majirani wawili wasikutane tu!" Mama Aline akampiga kiwiko. Tumerudi nyumbani mimi na mama mkwe njia moja, Divine yuko mgongoni kwake anamvuta hereni.

Leo saa kumi na mbili na dakika mbili alikuwa mlangoni. Na ufagio wake. Mama, nimelala mpaka saa tatu. Saa tatu! Nimeamka nikadhani nimekufa, jinsi palivyokuwa na mwanga. Nikatoka nje nikakuta ua mzima umechafuliwa, makapi, majivu, maganda ya ndizi, na Divine katikati, na mama mkwe amekaa anatazama kama mtu aliye harusini. Divine aliponiona akacheka. Na kicheko kile, mama, kilivuka mto. Kilinifikia mpaka hapa.

Sisemi nimepona. Saady anasema inakuja na kurudi, na wiki ijayo kuna daktari wa wilaya atakuja kutuona. Lakini maswali tisa amenirudia, na kutoka kumi na saba nimeshuka mpaka kumi na moja. Ni mtihani wa kwanza maishani ninaofaulu kwa kushuka.

Umeona nilivyoandika hapo juu. Nimeandika "nimeshuka". Nilitaka kufuta, halafu nikaacha.

Sasa la pili, la wewe kuja kumsalimu Evaline. Mama, nimekwisha kukuandikia barua mbili za kukuambia Evaline amehama. Kwenye ya kwanza amehamia Kakonko. Kwenye ya pili ameolewa upya, sijui nilifikiria nini. Zote nimezichana, Divine amezila. Nimeona nikikuambia amehama utamlilia, na mawese yako utayadai.

Halafu nikafikiria Philomena. Nimefikiria mwanamke aliyekaa ndani ya ua miezi na miezi, akafika langoni, akahesabu ishirini, akafika kwa sabuni, akafika kanisani. Nikajiuliza, kazi inayofuata atasema iwe ya wapi? Nikasema kama Philomena ameweza kutoka nje ya lango lake, na mimi niweze kutoka nje ya jina la mtu.

Kwa hiyo ngoja niandike wazi, nisipambe, na ukisikia usiniambie pole sana, niambie tu kama kawaida. Ile simu ni mimi. Nilikuwa nakoroga, nikakukumbuka, nikataka kukupigia nikwambie, sikujua nianze na nini, nikasimama hapo nimeishika mpaka ikateleza. Na yule jirani, mama, asiyelala, ambaye ulimtumia

Subiri. Kuna mtu anaita huko nje kwenye njia. Mama mkwe anamjibu, anamwambia amepotea. Yule anakataa, anasema hajapotea, ametoka stendi kwa miguu yake. Divine ameamka, ametambaa tayari mpaka mlangoni, ana mkaa mkononi, sijui ameutoa wapi.

Sasa nasikia vizuri. Anaita, "Hodi! Evaline! Evaline yuko hapa?" Sauti kama ya jogoo mwenye mafua. Mama, kijiji hiki chote hakuna Evaline hata mmoja, na mtu pekee duniani anayeweza kuja hapa kuniita hivyo ni